Thurgood Marshall: wakili aliyeuliza nani atamtetea maskini baada ya rufaa kugonga mwamba

Baada ya kipindi chetu cha sheria, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mfupi wa simu. Aliuliza hivi: mtu akishahukumiwa kunyongwa, na rufaa yake ikakataliwa, je, yule wakili aliyewekewa na serikali bado ni wakili wake, au kazi imekwisha na amebaki peke yake?

Swali hilo ni fupi lakini ni zito. Tuliahidi kulijibu kwa maandishi ili kila mtu alisome kwa nafasi yake. Tumeona njia nzuri ya kulieleza ni kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeishi nalo kwa zaidi ya miaka 50, kwanza akiwa wakili na baadaye akiwa jaji. Mtu huyo ni Thurgood Marshall wa Marekani, Mwamerika mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Ni mtu mwenye historia na Afrika Mashariki pia, kama tutakavyoona.

Mtoto wa mhudumu wa treni

Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland. Baba yake, William, alifanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni, na baadaye katika klabu ya matajiri weupe. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Ukoo wake ulitoka utumwani, na simulizi za familia zilisema babu wa babu zake aliletwa kutoka Kongo.

Baba yake hakusoma sheria, lakini alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi, na akirudi nyumbani aliwabishia watoto wake mezani hadi kila hoja ithibitishwe. Shuleni Thurgood alikuwa mtundu. Adhabu yake ilikuwa kusoma katiba ya nchi na kuikariri. Kwa hiyo aliijua katiba mapema, na mapema vilevile akaona kwamba yaliyoandikwa mle hayakuwa yakitendeka mtaani kwake.

Alipomaliza Chuo Kikuu cha Lincoln mwaka 1930, alitaka kusoma sheria. Chuo kikuu cha jimbo lake kilikuwa karibu na kwao, lakini hakikupokea watu weusi katika shule yake ya sheria. Akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mama yake akaweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili karo ipatikane. Mwaka 1933 alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Muda mfupi baadaye, yeye na mwalimu wake Charles Hamilton Houston walikishtaki chuo kile kile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine mweusi, wakashinda.

Wakili wa michango ya watu wadogo

Mwaka 1936 Marshall alianza kufanya kazi na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na mwaka 1940 akaanzisha mfuko wake wa utetezi wa kisheria. Tunaomba msomaji alishike neno hili mfuko, kwa sababu hadithi yote imejificha hapo. Mawakili wa Marshall hawakulipwa na serikali. Walilipwa kwa michango: sadaka za makanisani, ada za wanachama, fedha za watu waliojibana. Fedha zilikuwa kidogo na kesi zilikuwa nyingi mno. Alisafiri kwa treni mwaka mzima, mara nyingi akilala katika nyumba za wenyeji kwa sababu hoteli hazikumpokea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Mwaka 1946, akitoka kutetea watu katika mji wa Columbia, Tennessee, polisi walimkamata njiani kwa madai kwamba ameendesha gari akiwa amelewa. Walimweka kwenye gari lao wakaelekea mtoni, mahali ambapo watu weusi walikuwa wameuawa. Wenzake walikataa kuondoka, wakalifuata gari lile kwa nyuma. Polisi walipoona wanafuatwa waligeuza na kumrudisha mjini. Hakimu alimnusa pumzi, akaona hana dalili ya pombe, akamwachia.

Mwaka 1949, katika eneo la Groveland, jimbo la Florida, vijana wanne weusi walituhumiwa kumbaka msichana mweupe. Mmoja, Ernest Thomas, aliuawa na kundi la watu waliokuwa wakimsaka. Charles Greenlee, mwenye miaka 16, alifungwa maisha. Samuel Shepherd na Walter Irvin walihukumiwa kifo. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo ya kifo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Miezi michache baadaye, mkuu wa polisi wa wilaya alipokuwa akiwasafirisha wawili hao usiku wakiwa wamefungwa pingu, aliwapiga risasi. Shepherd alikufa. Irvin alijilaza kama maiti, akapona.

Mwaka 1952 Marshall alisimama mwenyewe kumtetea Irvin. Kijana huyo alipewa nafasi ya kukiri kosa ili aepuke kifo, akakataa kukiri jambo ambalo hakulifanya. Akahukumiwa kifo kwa mara ya pili. Rufaa zikashindwa.

Hapa ndipo swali la msikilizaji wetu linapoingia. Rufaa zilikwisha, lakini mawakili wa mfuko hawakufunga jalada. Waliendelea kuandika maombi na kutafuta kila mlango uliobaki. Mwaka 1955 gavana mpya wa Florida alibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Irvin alitoka gerezani mwaka 1968. Mwaka 2019 jimbo la Florida liliwapa msamaha vijana wote wanne, na mwaka 2021 mahakama ikafuta rasmi mashtaka na hukumu dhidi yao. Kama wakili angeondoka siku rufaa iliposhindwa, Irvin asingekuwepo hata kuusubiri mwaka 1968.

Marshall alijua pia upande wa pili wa jambo hili. Kwa kila Irvin mmoja aliyefikiwa na mfuko wa michango, kulikuwa na wengi ambao hawakufikiwa. Waliingia chumba cha kiti cha umeme bila mtu mwingine kusoma tena majalada yao.

Safari ya Kenya

Mwaka 1954 Marshall alishinda kesi iliyomfanya ajulikane dunia nzima, ile iliyopiga marufuku shule za serikali kutenganisha watoto weupe na weusi. Kwa jumla alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kama wakili mara 32, akashinda mara 29.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha kwetu. Mapema mwaka 1960 Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba ya Kenya yaliyofanyika Lancaster House, London. Kabla ya hapo alifika Kenya kujionea hali. Kama alivyopenda kusimulia baadaye, wakoloni walimkataza kuhutubia mkutano, wakamruhusu kusalimia tu. Akasema neno moja, uhuru, na umati ukalipuka kwa shangwe.

Kule London aliandika rasimu ya haki za raia. Watu wengi walishangaa kuona wakili huyu, aliyetumia maisha yake kutetea weusi waliokuwa wachache Marekani, akisisitiza kwamba katika Kenya huru wazungu na Waasia waliokuwa wachache nao walindwe na sheria, pamoja na mali zao. Kwake haikuwa ajabu. Aliamini kwamba sheria isiyomlinda mtu asiyependwa haitamlinda mtu yeyote. Katiba iliyokuja baadaye iliandikwa kwa mikono mingi, lakini mchango wake unakumbukwa.

Jaji, na ngazi inayokatika

Mwaka 1961 Rais Kennedy alimteua kuwa jaji wa rufaa. Mwaka 1965 Rais Johnson alimfanya wakili mkuu wa serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 akamteua kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Baraza la Seneti lilimthibitisha kwa kura 69 dhidi ya 11.

Ili tuelewe alichokipigania huko, tuieleze kwanza ngazi ya kesi ya kifo nchini Marekani. Kesi husikilizwa katika mahakama ya jimbo, mbele ya raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Akipatikana na hatia anakata rufaa ndani ya jimbo. Rufaa hutazama yale yaliyo kwenye kumbukumbu za kesi: jaji alikosea sheria, ushahidi fulani haukupaswa kupokelewa, na kadhalika. Baada ya rufaa kuna hatua ya tatu. Hapo ndipo mfungwa anaweza kuleta mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu: kwamba wakili wake wa kwanza hakumtafuta shahidi hata mmoja, kwamba polisi walificha karatasi, kwamba alikiri kwa sababu ya mateso au kwa kutoelewa. Hatua hii hupita kwanza katika mahakama za jimbo, kisha katika mahakama za serikali kuu ya shirikisho.

Kuhusu wakili wa kulipiwa na serikali, mahakama ilikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1932 ilisema mshtakiwa maskini katika kesi ya kifo lazima apewe wakili. Mwaka 1963 ilipanua haki hiyo kwa makosa makubwa yote, na mwaka huo huo ikaongeza rufaa ya kwanza. Baada ya rufaa ya kwanza, ikaishia hapo.

Marshall aliona pengo hilo kila wiki mezani kwake. Kabla ya mtu kunyongwa, ombi la mwisho lilifika Mahakama ya Juu, mara nyingi usiku na kwa haraka. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa majaji watano waliosimamisha adhabu ya kifo kama ilivyokuwa ikitolewa wakati huo, na mamia ya wafungwa wakaepuka kifo. Lakini tarehe 2 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka 68, mahakama iliirudisha. Yeye na rafiki yake Jaji William Brennan walibaki wawili tu upande wa pili. Tangu siku hiyo walipinga kila hukumu ya kifo iliyofika mbele yao, bila kuchoka.

Hakupinga tu. Mwaka 1985 aliandika uamuzi kwamba mshtakiwa maskini, akili yake inapokuwa suala kubwa katika kesi, lazima apatiwe na serikali daktari wa akili wa kumsaidia kujitetea. Mwaka 1986 aliandika mwingine uliokataza kumnyonga mtu ambaye amepoteza akili. Katika hotuba kwa majaji wenzake alieleza kwamba mara nyingi washtakiwa wa kesi za kifo hutetewa na mawakili wasio na uwezo wa kesi kama hizo.

Kesi ya Virginia

Mwaka 1989 swali letu lenyewe lilifika mahakamani. Wafungwa waliohukumiwa kifo katika jimbo la Virginia, wakiongozwa na mmoja aitwaye Joseph Giarratano, walisema hivi: rufaa zetu zimekwisha, hatuna fedha, na jimbo linatupa maktaba ya vitabu vya sheria pamoja na mawakili wachache wa muda wanaohudumia magereza yenye wafungwa zaidi ya 2,000. Mtu anayehesabu siku za kunyongwa, ambaye pengine hajui kusoma vizuri, ataandikaje hoja za sheria?

Hawakuwa wakisema maneno matupu. Katika gereza hilo alikuwepo Earl Washington, mtu mwenye ulemavu wa akili, aliyekiri mauaji baada ya kuhojiwa na polisi. Rufaa yake ilikataliwa, akabaki hana wakili, na tarehe ya kunyongwa ikapangwa mwaka 1985. Giarratano, mfungwa mwenzake, ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yake hadi mawakili wa New York wakaichukua kesi bila malipo. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha si yeye. Alipata msamaha kamili mwaka 2000 na kutoka gerezani mwaka 2001.

Pamoja na hayo, Mahakama ya Juu iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba katiba hailazimishi jimbo kumpa wakili mfungwa wa kifo baada ya rufaa. Marshall alikuwa mmoja wa wale wanne.

Bunge la Marekani lilikuwa limeziba sehemu ya pengo mwaka 1988, lilipotunga sheria ya kuwalipia mawakili wafungwa wa kifo wanapofika mahakama za shirikisho. Ni jambo kubwa, na sheria hiyo imeokoa watu. Lakini ina tatizo lake. Hoja ambayo haikutolewa vizuri katika hatua ya jimbo, mara nyingi mahakama ya shirikisho haitaisikiliza. Ni kama kumpa mtu mtumbwi baada ya kumwacha avuke peke yake sehemu yenye mamba.

Tatizo hilo lilionekana Juni 1991 katika kesi ya Roger Coleman, mfungwa mwingine wa Virginia. Mawakili wake waliwasilisha taarifa ya rufaa katika hatua ya jimbo wakiwa wamechelewa siku tatu. Mahakama ya Juu ilisema kwa kuwa mtu hana haki ya wakili katika hatua hiyo, kosa la wakili ni mzigo wake mwenyewe. Marshall akapinga tena. Coleman aliuawa mwaka uliofuata.

Hapa lazima tuwe wakweli kwa wasomaji wetu. Mwaka 2006 vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba Coleman alikuwa na hatia. Wapo wanaosema basi, mahakama ilikuwa sahihi. Lakini siku ile majaji walipofunga mlango, hakuna aliyejua hilo. Mlango ule ule ungeweza kufungwa mbele ya Earl Washington. Wakili wa baada ya rufaa hahitajiki kwa sababu kila mfungwa ni msafi. Anahitajika kwa sababu bila yeye hatuwezi kumtenganisha Washington na Coleman.

Brennan alistaafu mwaka 1990, Marshall akabaki karibu peke yake. Oktoba mwaka huo Virginia ilimuua Wilbert Evans, aliyehukumiwa kifo kwa maelezo kwamba atakuwa hatari daima, ingawa wafungwa wa kifo walipotoroka gerezani mwaka 1984 yeye ndiye aliyewalinda askari waliotekwa. Marshall aliandika upinzani wake akiwa jaji pekee.

Tarehe 27 Juni 1991, akiwa mgonjwa na mwenye miaka 82, alitoa upinzani wake wa mwisho, ukiwa pia katika kesi ya kifo, na siku hiyo hiyo akatangaza kustaafu. Alifariki tarehe 24 Januari 1993. Virginia, jimbo lililotoa kesi nyingi tulizozitaja, lilifuta adhabu ya kifo mwaka 2021.

Na sisi je?

Sasa turudi kwa msikilizaji wetu. Katika nchi zetu hukumu ya kifo bado imo vitabuni, ingawa kwa miaka mingi haijatekelezwa Kenya wala Tanzania. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016, na katiba yake inataka mshtakiwa apewe wakili kwa gharama za serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2017. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua katika kesi dhidi ya Tanzania kwamba mtu anayekabiliwa na kosa zito apewe msaada wa kisheria bila malipo, na rufaa ikiwemo, hata kama hakuomba.

Lakini baada ya rufaa ya mwisho, kunabaki maombi ya mapitio na maombi ya msamaha kwa rais, na hapo wafungwa wengi hutegemea huruma ya wakili wa kujitolea au kalamu ya mfungwa mwenzao, kama ilivyokuwa Virginia. Kwa hiyo jibu letu ni hili: rufaa kukataliwa si mwisho wa sheria, lakini mara nyingi ndio mwisho wa wakili.

Kama una ndugu aliye katika hali hiyo, usikae ukisubiri. Omba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi kutoka mahakamani, uzitunze. Waulize maofisa wa gereza kuhusu huduma ya msaada wa kisheria, na mtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika eneo lako. Ulizia mapema muda wa mwisho wa kila ombi, kwa sababu siku tatu zinaweza kuwa nyingi mno.